Alama ya Kuuliza Niliyoifuta

Nianze na aibu yangu, maana nimechoka kuibeba. Kwa miaka ishirini na mitatu watu wa nchi hii walimnukuu marehemu mwalimu mmoja wa Kiyahudi kwa neno ambalo hakuliandika, na aliyemtilia neno hilo mdomoni ni mimi, Gundula Petzold, katibu muhtasi, mtu niliyelipwa mshahara kusahihisha makosa ya wengine. Aliyeumia ni Daktari Mirjam Seckbach. Habari hii ni yake. Mimi nitaingia pale tu ninaposhindwa kujificha.

Alikuja kwenye taasisi yetu ya historia hapa Frankfurt mwezi wa Oktoba 1973. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja kazini, miaka ishirini na minne, na nilijiona najua kila kitu. Yeye alikuwa na ishirini na saba, mfupi, nywele zake na kitana hazielewani, amekumbatia kopo la biskuti kifuani.

"Wewe ndiye Bi Petzold?"

"Inategemea nani anauliza. Kama ni mambo ya fotokopi, mashine imekufa."

"Nimeambiwa unasoma mwandiko wa kale."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Kolb wa mlangoni. Anasema ulimsomea cheti cha ubatizo cha babu yake huku unatafuna mkate."

Ni kweli nilikisoma. Vijana wa rika langu wengi hawakuweza. Zamani Wajerumani tuliandika kwa herufi zetu wenyewe, zimejaa vijiti na ncha, na shule ziliacha kuzifundisha wakati wa vita. Mimi nilifundishwa na bibi yangu jikoni kwake, kijijini Wetterau, kwenye gazeti lililofunika meza, huku akimenya viazi. Bibi alikuwa karani wa kijiji tangu miaka ya thelathini, mwenye mwandiko wa kupendeza mno. Nilipokuwa mtu mzima niliona katika faili moja majina ya familia sita za Wayahudi wa kijiji chetu, na tarehe walipoondolewa kupelekwa kambini wakati wa Hitler, kwa mwandiko uleule wa kupendeza. Sikumwambia mtu.

Basi Mirjam akafungua kopo. Ndani mlikuwa na barua arobaini na moja. Zilikuwa za mwalimu mmoja wa watoto wa Kiyahudi katika mji mdogo wa Niederweil, jina lake Seligmann Wallach, alizomwandikia kaka yake Löb huko Cincinnati, Marekani, kati ya mwaka 1847 na 1862. Wajukuu wa Löb walizirudisha Ujerumani, hakuna aliyezitaka, mpaka zikamfikia yeye.

"Wewe ni mwanahistoria na huwezi kuzisoma?" nikamwuliza. Sikuwa na adabu wakati huo, na hata sasa sijui kama ninayo.

"Nimezaliwa La Paz. Baba yangu alikimbilia Bolivia, kisha akarudi hapa mwaka arobaini na tisa kutengeneza miavuli. Nilifika nikiwa na miaka mitatu. Bibi wa kunifundisha herufi hakuwepo."

Hakusema kwa nini hakuwepo, na mimi nilimwelewa. Nikalivuta kopo upande wangu wa meza.

Huyo baba yake nilikuja kumfahamu, Mzee Seckbach, mcheshi mwenye uchungu. Kila aliponiona alinilalamikia, "Bi Petzold, mwambie binti yangu akasome udaktari wa meno. Meno yako kila nchi. Historia ya Wayahudi wa Ujerumani, akifukuzwa hapa ataifanyia wapi?" Mirjam alikuwa akimjibu kwamba hafukuzwi na mtu, na kwamba anataka kujua kitu kimoja tu: Wayahudi wale wa vijijini, wauza ng'ombe na walimu wa shule za chumba kimoja, walifikiri nini juu ya dola na haki na uhuru, kwa akili zao wenyewe. Vitabu vya siku hizo viliwasema kama watu waliosimama mlangoni miaka mia wakibisha hodi. Yeye hakuamini hivyo. Alikuwa na kichwa kigumu tangu hapo.

Tukagawana kazi. Mimi nilisoma barua na kuzipiga chapa, yeye alifikiri. Majira yote ya baridi nilibaki ofisini baada ya kazi, yeye ananiletea keki ya mbegu za afyuni ambayo mama yake alioka, mimi nasoma kwa sauti, tunacheka vichekesho vya Wallach kuhusu mke wa meya. Tulikuwa tunaitana "Bi Petzold" na "Daktari" hata kabla hajawa daktari, nilimwita hivyo kumtania, na tukabaki nayo.

Barua ya kumi na saba iliandikwa mwezi wa Machi 1848, wakati nchi nzima imechemka na watu wako barabarani wakidai katiba. Wallach aliandika mbiombio, wino umeruka. Katikati kuna sentensi hii: "Katika nchi hii hatutaki kuwa wageni, tunataka kuwa" na neno la mwisho. Nililisoma *Bürger*. Maana yake raia.

Sasa nikueleze, maana hapa ndipo pana kila kitu. Katika mwandiko ule, r ya mwisho wa neno na n ya mwisho wa neno ni mapacha. Zote ni vijiti viwili. Ila r hunyanyua mkia juu kidogo, na n huushusha hadi mstarini. Ukiweka n mahali pa r, *Bürger* inageuka *Bürgen*, nayo haina maana ya raia hata kidogo. Ni wadhamini, watu wanaosimama kumwekea mwenzao dhamana. Mkia ule ulikuwa umeshuka. Niliuona umeshuka. Nikaandika "Bürger", na pembeni, kwa penseli, nikaweka alama ya kuuliza.

Kisha nikaitazama ile alama. Kurasa tisini zilizotangulia sikuwa nimeweka hata moja. Mirjam alikuwa amemwambia profesa wake kwamba Petzold hakosei, na maneno hayo nilikuwa nayarudia moyoni nikipanda tramu. Nikajiambia, wadhamini wa nini? Raia ndilo neno lenyewe, mtoto yeyote anaona. Nikachukua kifutio nikaifuta. Ndivyo ilivyokuwa, na haikuchukua hata nukta moja.

Aliposoma ukurasa huo alisimama, akaketi, akasimama tena. "Mwaka 1848," akasema, "mwalimu wa kijijini. Haombi huruma, hashukuru mtu, anasema tu: raia." Machozi yalimlengalenga, na mimi nikajiona fundi.

Tasnifu yake akaijenga juu ya sentensi ile. Kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1978 na maneno yale kwenye jalada. Yakaingia katika hotuba za wabunge, yakaingia katika kitabu cha shule za sekondari. Niederweil wakayachonga kwenye bamba la shaba ukutani mwa ukumbi wa mji, na siku ya kulizindua meya alilia hadharani. Mimi nilikula soseji zao na kunywa mvinyo wao wa tofaa, nimenyamaza kimya.

Je, nilikumbuka ule mkia ulioshuka? Nilikumbuka. Kila baada ya mwaka au miwili ulinijia, mara nyingi nikiosha vyombo. Nikawa naufukuza.

Sasa, usidhani kitabu kilimpa ulaji. Kwetu msomi akishaandika kitabu cha pili, kile kikubwa cha kumruhusu kuitwa profesa, hapewi kitu ila ruhusa. Anangoja chuo fulani kimwite kwenye kiti cha uprofesa. Na wakati anangoja, lazima afundishe kila muhula bila malipo, la sivyo ruhusa inafutwa. Mirjam alingoja miaka kumi na moja. Kila Jumanne saa nne asubuhi alikuwa darasani. Alikuja na homa. Alikuja siku nane baada ya kumzika Mzee Seckbach, kwa sababu zile siku saba za matanga ya Kiyahudi, za kukaa kwenye kiti kifupi nyumbani, zilikuwa zimekwisha, akaniambia, "Chaki ipo?" Muhula mmoja alipata mwanafunzi mmoja tu, naye alisinzia.

"Daktari, mwamshe basi," nikamwambia.

"Mwache. Akiamka akaondoka nitakuwa sina darasa, nitapoteza ruhusa."

Mkate wake aliupata kwa kufundisha watu wazima jioni na kutafsiri mikataba ya Kihispania ya kampuni za kahawa. Vyuo sita vilimwita kwenye usaili, na mara zote sita walimchukua mwingine. Mara mbili walimwambia wazi kwamba somo lake ni jembamba. Aliporudi alikuwa akivua koti, anatundika, anasema "Jembamba," halafu anaketi kuandika. Sikuwahi kumwona akijihurumia, na kusema kweli ilikuwa inaniudhi, maana mimi nilikuwa namhurumia kwa mbili.

Mwaka 1997 ikaja nafasi yenyewe. Chuo kimoja katika mkoa wetu kilianzisha kiti cha historia na fikra za kisiasa za Wayahudi wa Ujerumani. Ilikuwa kama wamempima kwa futi. Kamati ikamweka wa kwanza kwenye orodha. Kilichobaki kilikuwa mhadhara wa hadhara, Ijumaa ya mwisho ya Novemba, juu ya Wallach na uraia. Ila kulikuwa na sheria: ukitimiza miaka hamsini na miwili hawakuajiri tena. Mirjam alikuwa anatimiza Aprili. Akikosa hiki, ndiyo basi, milele.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo posta ikaleta bahasha nene kutoka Cincinnati. Barua zote za taasisi nilifungua mimi. Bibi mmoja wa ukoo wa Löb alikuwa anavunja nyumba akakuta karatasi, akatutolea fotokopi, akaandika kwa Kiingereza kwamba Kijerumani hajui na anatumaini ni kitu cha maana. Ilikuwa barua ya Löb ya kumjibu kaka yake, nakala aliyojiwekea. Löb alishazoea Marekani, aliandika herufi za Kilatini, zinasomeka na mtoto. Alisema: "Seligmann, kalamu yako iliteleza? Nimesoma mara tatu. Unasema hatutaki kuwa wageni, tunataka kuwa *Bürgen*. Nani Ujerumani atakubali Myahudi awe mdhamini wake?"

Mlango ulikuwa wazi na watu wanapita, na mimi nimeishika karatasi ile kama nimeiiba. Nikaitia ndani ya droo, chini ya kopo la biskuti za Noeli.

Ikalala humo Jumatatu na Jumanne. Jumatano Mirjam alipita akiwa amevaa suti mpya ya kijivu aliyonunua kwa ajili ya Ijumaa, akageuka mbele yangu mara moja, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani.

"Nafanana na profesa?"

"Unafanana na mkaguzi wa mapato."

"Vizuri. Wataogopa."

Nikamcheka, na akatoka. Nikaitazama droo. Bibi wa Cincinnati hajui Kijerumani. Ningeweza kuichana. Nisikufiche, nilifikiri hivyo, na nilifikiri kwa muda mrefu, na nilijiambia ni kwa ajili yake. Alhamisi saa mbili asubuhi nikapiga moyo konde, nikampelekea.

Akasoma amesimama. "Hii ilifika lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Kalenda naijua, Daktari."

Hakugomba. Akatoa barua ya kumi na saba kwenye kabati, akachukua kioo cha kukuzia, akaketi. Kufikia mwaka ule alikuwa anausoma mwandiko ule vizuri kuliko mimi, lakini barua ile hakuwa ameirudia kamwe. Nani anarudi kuhakikisha msingi wa nyumba anayoishi?

"R zake zote zinanyanyuka," akasema. "Hii imeshuka."

"Imeshuka."

"Ni n."

Mimi nikaanza kupayuka. "Ngoja wiki mbili tu. Kesho hadhiri kama ulivyoandika, wakupe kiti, watie sahihi, halafu ndiyo useme. Nani atakufa?"

"Mwenye maneno ameshakufa. Hana wa kumsemea ila mimi, na mimi ndiye niliyemharibia."

"Watakunyima."

"Huenda."

"Una miaka hamsini na mmoja."

"Bi Petzold, umri wangu ninaujua. Mama hunikumbusha kila Ijumaa kabla ya supu."

"Basi angalau... Daktari, ule ukurasa wa chapa, mwaka ule, mimi nili..."

Akainua mkono. "Sina nafasi leo. Nina saa ishirini na sita za kuandika mhadhara mpya. Karatasi zipo?"

Nikamletea karatasi. Ndivyo nilivyonyamaza mara ya pili, na safari hii nilikuwa mtu mzima.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kamati ilikaa mstari wa mbele, katikati yao mwenyekiti, Profesa Ehlebracht, mtu mrefu mwenye sauti laini. Mimi nilikaa mwisho kabisa, karibu na mahali pa kutundika makoti. Mirjam alipanda na suti yake ya kijivu, akaweka karatasi, akavua miwani.

"Nilialikwa niwaeleze Seligmann Wallach alimaanisha nini aliposema raia," akaanza. "Hakusema raia. Kwa miaka ishirini na mitatu nimewafundisha kosa."

Akaisoma barua ya Löb. Akaonyesha kwenye ukuta ule mkia, umekuzwa mkubwa kama mundu. Watu wakaanza kunong'ona, naye hakupandisha sauti, aliwangoja wanyamaze. Kisha akaeleza neno. Raia, akasema, ni mtu anayepewa haki na aliye juu yake, na aliyempa anaweza kumnyang'anya, na sisi humu ukumbini tunajua alinyang'anywa. Mdhamini hapewi na mtu. Anasimama mwenyewe, anasema: huyu akitoroka, nishikeni mimi. "Wallach hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anawaambia wakulima wa Niederweil, jirani zake: uhuru wenu nausimamia mimi, wangu usimamieni nyinyi. Mimi nilisikia ombi kwa sababu nilitarajia ombi. Nilikuja kumtetea na nikamshusha."

Ulikuwa mhadhara bora kuliko yote aliyowahi kutoa. Nasema hivyo mimi niliyeisikia yote.

Profesa Ehlebracht akasimama. "Daktari Seckbach, tunakushukuru kwa uwazi. Lakini naomba kujua, nakala ile ya kwanza kutoka kwenye mwandiko, aliifanya nani?"

Nilikuwa nahitaji kusimama tu na kusema jina langu, maneno mawili. Mirjam hakunitafuta kwa macho hata kidogo.

"Kitabu kina jina langu," akasema.

"Naelewa, lakini kama palikuwa na msaidizi..."

"Profesa, kitabu kina jina moja."

Sisi katika vyuo hatupigi makofi. Mhadhara ukiisha tunagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, inakuwa kama mvua kwenye bati. Siku ile hakuna aliyegonga. Wanakamati walikuwa wanatazamana. Nikasikia mtu anagonga peke yake, na ilikuwa ni mimi. Kusimama sikuweza, hivyo nikagonga. Wachache wakafuata kwa aibu, kisha wakaacha.

Kiti akapewa aliyekuwa wa pili. Barua ya kumjulisha ilikuwa na mistari minne. Niliifungua mimi, nikampelekea, akaisoma, akaitoboa, akaiweka kwenye faili pamoja na zile nyingine sita. Jumanne saa nne alikuwa mbele ya meza yangu.

"Chaki ipo?"

"Ipo."

"Mbona unalia? Wewe ndiye uliyenyimwa?"

Akaanza kitabu upya, tangu ukurasa wa kwanza. Magazeti yalimtafuna wiki mbili, moja likaandika kwamba mwanahistoria asiyejua r na n arudi shule ya vidudu. Alicheka, akakata kipande hicho akakibandika mlangoni. Kisha akaenda Niederweil kumwona meya mpya kuhusu bamba. Nilimwendesha mimi, yeye hakujua kuendesha gari.

"Mama Daktari," meya akasema, "raia ni neno zuri. Wanafunzi wanapiga picha hapo. Wadhamini, watu watadhani ni benki."

"Hakuliandika."

"Lakini angeweza kuliandika."

"Hata mimi ningeweza kuwa na urefu wa mita mbili, bwana meya."

Alirudi huko mara tano katika miaka mitatu. Mara ya tano yule meya alimwona kupitia dirishani, akatoka nje na kofia kichwani akasema sawa, sawa, tutachonga jingine, ila usije tena. Siku hiyo tulikula mchuzi wa kijani kwa mayai na viazi kwenye hoteli ya stesheni, na Mirjam akala sahani mbili.

Mwaka 2004 mswada ukawa tayari, kurasa mia tano na kumi, jina lake *Wadhamini*. Nilikuwa na kompyuta sasa, na kifutio cha penseli bado kiko kwenye kikombe. Akaja kunisomea dibaji niiandike. Aliwashukuru watu wa hifadhi za nyaraka, akamshukuru bibi wa Cincinnati, akamshukuru baba yake, "ambaye angependa meno." Akanishukuru mimi kwa miaka thelathini. Kisha akasema, "Andika: Makosa yote yaliyobaki ni yangu mwenyewe."

Sentensi hiyo kila msomi huiweka mwisho wa dibaji. Nimewaandikia wengi mno, na sijawahi kukutana na hata mmoja aliyeimaanisha. Mikono yangu ikasimama.

"Siiandiki."

"Una nini?"

"Ule ukurasa wa mwaka sabini na nne. Niliweka alama ya kuuliza pembeni ya neno. Niliona mkia umeshuka. Nikaifuta kwa sababu nilitaka uniite mtu asiyekosea. Kosa si lako. Ukumbini nilikaa kama gogo ukaliwa peke yako, na kiti kikaenda." Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nikitazama kibao cha herufi.

"Ukurasa ninao," akasema. "Alhamisi ile, ulipotoka kuleta karatasi, niliutoa nikauinua dirishani. Kifutio chako huacha doa, Bi Petzold. Alama yenyewe inaonekana kabisa."

"Ulijua? Siku ile ukumbini ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na Ehlebracht alipouliza?"

"Ningemwambia nini? Kazi ya kurudi kwenye barua ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kurudi. Haya, andika."

Nikaandika. Akaenda zake nyumbani. Nikabaki na dibaji kwenye kioo, na sentensi yake ile chini kabisa. Niliwaza kwamba kwa miaka saba mtu huyu alikuwa akiniomba chaki kila Jumanne huku anajua, na hakuna Jumanne hata moja aliyonitazama vibaya. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunibeba, nikajikasirikia mimi kwa kubebeka. Kisha nikashuka mstari mmoja chini ya jina lake, nikaongeza: "Isipokuwa kosa la mwaka 1974, neno *Bürger* katika barua ya kumi na saba. Hilo ni langu. Nililiona, nikalificha. Gundula Petzold, katibu muhtasi." Nikapeleka kwa wachapaji bila kumwonyesha. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu kupeleka kitu bila sahihi ya mwenyewe, na nilikuwa tayari kufukuzwa.

Kitabu kilifika mwezi wa Septemba, katoni nzima. Aliikata kwa kisu cha jikoni mbele ya meza yangu, akatoa nakala ya juu, akanusa karatasi kama anavyofanya siku zote. Akafungua dibaji. Nikajifanya natafuta stempu.

Akasoma mpaka chini. Akarudia kusoma. Nikangoja anigombeze, nikawa nimeshapanga na majibu. Akaweka kitabu kimefunguka, akavua miwani, akakunja vidole vya mkono wa kulia, na pale mbele yangu, akiwa amesimama, akaigonga meza yangu.